Mtu wa Mlangoni

"Kajiua," mkuu wa kituo alisema, akichovya mkate kwenye chai. "Andika hivyo, nitie sahihi, tuendelee na kazi nyingine."

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya meza yake, mkoba begani, utadhani alipita tu kusalimia. Kituoni walimwita Bi Mkasi, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kukata maneno ya watu katikati, awe mkubwa wake, awe mshukiwa. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Nyumbani kwake hakukuwa na wa kumwita jina lolote.

"Umejuaje?"

"Hata mimi nilisomea upelelezi, mama. Kijana anaishi peke yake. Hana mke, hana rafiki. Madirisha kayaziba kwa utepe pande zote. Chini ya mlango kaweka taulo. Ndani kuna mtungi wa gesi. Daktari anasema hakuna jeraha wala sumu, hewa tu ilimwishia. Na mlango ulikuwa umefungwa. Unataka nini tena, picha yake akitupungia mkono?"

"Gesi gani?"

"Naitrojeni. Ile ya baridi kali wanayohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Aliinunua kwenye kituo cha mifugo, kihalali kabisa, nimewapigia simu. Na huu hapa ujumbe wake wa mwisho."

Akamsogezea simu ya marehemu. Ujumbe ulikwenda kwa dada yake Jumamosi jioni, na Jumatatu ndipo mama mwenye nyumba alipomkuta kijana kalala sakafuni. Bi Mkasi alivaa miwani, akasoma.

*Dada, Mdogo amechoka. Leo namfikisha mwisho, halafu namzima apumzike.*

"Mdogo ni nani?"

"Si yeye mwenyewe! Kitindamimba wa kwao. Ndivyo walivyomwita nyumbani tangu utotoni, dada yake kasema."

"Namzima," Bi Mkasi alisema.

"Eeh?"

"Hakuandika 'najizima'. Kaandika 'namzima'. Anamzima mtu mwingine."

Mkuu aliweka kikombe chini. "Mtu anataka kufa, wewe unamsahihishia sarufi?"

"Nipe leo nzima."

"Nakupa mpaka jioni. Na dada mtu umwondoe pale kwenye benchi, ananitia simanzi."

Dada wa marehemu alikuwa amekaa pale pale alipokaa jana, karibu na mlango wa kaunta, mkoba mapajani. Alikuwa msusi, mwenye saluni yake ndogo, na rangi ya nywele ilikuwa bado imemganda kwenye kucha. Alikuwa amemlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Sasa watu wa ukoo walikuwa wanampigia simu mmoja baada ya mwingine, wanamuuliza alimfanya nini kijana wa watu hadi akajiua.

"Afande," alisema, akisimama. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Ule ujumbe, alikuwa ananiaga?"

"Bado sijui."

"Niliusoma mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja. Nikasema nitamjibu nikimaliza. Sikumjibu." Alimtazama Bi Mkasi usoni. "Kama aliniaga, niambie. Usinifichie kwa kunihurumia."

"Sijawahi kumdanganya mfiwa," Bi Mkasi alisema. "Nenda kapumzike, mwanangu. Nitakuita."

Hakwenda. Alikaa tena.

*

Mama mwenye nyumba alikuwa mnene, mwenye haraka, na hakutaka kuvuka kizingiti cha chumba kile.

"Kijana mtulivu," alisema akiwa ukumbini. "Mtulivu mpaka anakera. Unamgongea kumpa habari ya maji, anasema asante kupitia tundu la ufunguo."

"Wageni?"

"Zamani alikuwa anakuja fundi mmoja wa kompyuta, wanamwita Shoti. Wanakesha wakibishana. Halafu akakata mguu. Baada ya hapo, hakuna mtu." Alisita. "Ila Jumamosi palikuwa na mtu."

Bi Mkasi aligeuka. "Ulimwona?"

"Nilisikia. Napita na ndoo hapa, namsikia anabembeleza mtu. 'Vumilia Mdogo, bado kidogo. Usiniangushe, Mdogo.' Kwa upole kabisa, mpaka nikaona aibu kusikiliza."

"Na huyo mtu alijibu nini?"

"Sikumsikia akijibu."

Bi Mkasi alikagua kitasa. Kilikuwa kile cha kujifunga chenyewe mlango ukirudishwa. Basi ule mlango uliofungwa haukuwa na maana yoyote. Mtu angeweza kutoka, akaurudisha nyuma yake, akaenda zake. Alihisi moyo wake ukichangamka, na hakuona haya. Kama kulikuwa na Mdogo wa pili, basi kulikuwa na mtu wa kutafutwa.

Aliingia.

Chumba kilikuwa cha mtu mmoja kwa kila hali. Kikombe kimoja, sahani moja, kiti kimoja, kitanda chembamba, ndoano moja ukutani yenye koti moja. Meza tu ndiyo iliyokuwa tajiri. Juu yake kompyuta ilikuwa imewekwa wazi, haina boksi, imelazwa kwenye fremu ya chuma kama mgonjwa kwenye meza ya upasuaji, na feni pana imeinamishwa juu yake. Palipopaswa kuwa na feni ya kupoza prosesa, palikuwa na chungu kirefu cha shaba, na ndani ya chungu hakukuwa na kitu. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, ilikuwa imepakwa mafuta ya mgando, na kuizunguka prosesa palikuwa pamejazwa tishu zilizokunjwa kwa uangalifu. Chini ya meza ulikuwepo mtungi, na kando yake chupa ya chai ya chuma iliyotumika kumiminia.

Aliangalia madirisha. Utepe ulikuwa umenyooka, bila mkunjo, umepigwa pasi kwa kucha. Ukutani karibu na dirisha kilining'inia kipimo cha unyevu, kile kisaa chenye mshale mmoja. Pembeni, juu kidogo ya kichwa cha mtu, palikuwa na tundu la mviringo lililozibwa kwa kadibodi na utepe ule ule. Kulizunguka tundu, rangi ya ukuta ilikuwa safi, na vishimo vya skrubu vilikuwa bado na unga mweupe. Kitu kilikuwa kimefungwa pale na kikatolewa juzi juzi.

Kwenye ndoo ya taka alikuta feni ndogo, ya ukubwa wa kiganja. Aliizungusha kwa kidole. Haikuzunguka.

Kilichomkalia kichwani zaidi kilikuwa kigoda. Kilikuwa cha plastiki, kipya, bado kimevaa nailoni yake ya dukani, na kimewekwa mlangoni kabisa, kikielekea ndani. Kiti cha mgeni. Lakini nailoni ilikuwa haijakunjamana hata kidogo. Mgeni hakukaa.

"Hiki alikinunua lini?"

"Ijumaa," mama mwenye nyumba alisema kutoka ukumbini. "Nikamtania, nikamwambia leo unaleta mchumba? Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo."

*

Duka la Shoti lilikuwa uchochoro wenye paa, umejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Shoti mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa miwani ya kukuzia jicho moja. Alipoona kitambulisho cha polisi hakushtuka. Alizima mashine ya kuchomea waya na kukunja mikono.

"Nilijua mtakuja. Mmechelewa."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Waulize majirani. Nilikuwa na televisheni ya mwenye bucha, kakaa hapo ulipo mpaka nilipoimaliza."

"Mligombana na marehemu."

"Tuligombana." Alivua miwani. "Sisi kazi yetu, afande, ni ya kijinga kidogo. Unachukua kompyuta, unailazimisha kwenda kasi kuliko alivyokusudia aliyeitengeneza. Ikienda kasi inachemka. Kwa hiyo unaipoza. Kwa feni, kwa maji, na ukichanganyikiwa kabisa kama sisi, kwa naitrojeni. Unaimimina kwenye chungu cha shaba, baridi ya ajabu, inapanda, inapanda, unaandika namba yako kwenye mashindano, unazima. Hakuna zawadi ya maana. Ni namba tu."

"Na ugomvi?"

"Mimi nilimimina kwa pupa. Mkubwa akafa mikononi mwangu."

Bi Mkasi aliacha kuandika. "Mkubwa nani?"

"Mkubwa. Mashine yetu ya kwanza. Mwenzangu alikaa mwaka mzima akiiunga, nikaiua kwa dakika moja. Hakunitukana, na bora angenitukana. Akasema tu, 'Basi, Shoti, nenda nyumbani.' Nikaenda. Yeye akasubiri nirudi niombe radhi, mimi nikasubiri aniite. Tukasubiriana hivyo hivyo mpaka jana nikasikia habari."

Bi Mkasi alivuta pumzi. Aliona mshukiwa wake akiyeyuka mbele ya macho, na bado alilazimika kuuliza.

"Na Mdogo ni nani?"

Shoti alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Si ile mashine ya pili! Baada ya Mkubwa, Mdogo. Alisema hata nyumbani kwao yeye ndiye Mdogo, kwa hiyo wamekuwa wawili." Alimtazama. "Ulidhani ni mtu?"

"Nilidhani ni mtu."

"Sisi tunawaita kama watu. Kampandisha, kamchosha, kamzima. Ukikaa na kitu peke yako siku zote, utakiitaje?"

Bi Mkasi alitoa nakala ya ujumbe, akamwekea juu ya vioo vya simu. Shoti aliusoma polepole.

"'Amechoka', maana yake prosesa imekaribia kikomo. 'Namfikisha mwisho', anajaribu namba ya mwisho. 'Namzima', anazima swichi. Huyu hajaaga mtu, afande. Huyu anatangaza mechi."

"Na utepe kwenye madirisha?"

"Umande! Kitu kikiwa cha baridi namna ile, hewa yenye unyevu inakigandia, ikiyeyuka inakuwa maji, maji yakigusa mazabodi, kwaheri. Ndiyo maana ya yale mafuta ya mgando, na tishu. Unaziba chumba kikauke. Mtu anayetaka kufa anapaka mazabodi mafuta ya nini?"

Swali hilo Bi Mkasi alikuwa amejiuliza tangu asubuhi. "Lakini mkiziba chumba, nyinyi mnapumua nini?"

Shoti alichukua ufunguo wake wa duka.

"Nipeleke," alisema. "Kuna kitu nataka kukiona."

*

Shoti hakuanza na kompyuta. Alisimama katikati ya chumba, akatazama ukutani, kwenye tundu lililozibwa kwa kadibodi.

"Feni iko wapi?"

"Ipi?"

"Pale palikuwa na feni ya kutoa hewa. Niliifunga mimi, kwa mikono yangu. Naitrojeni ikigeuka mvuke inajaza chumba, inaisukuma hewa nje. Haina harufu. Haikukabi, hukohoi, huoni chochote. Unasikia usingizi tu. Ile feni ndiyo ilikuwa inatuweka hai."

Bi Mkasi alikuwa ameshaiona. Ilikuwa mezani muda wote, feni pana ya ukutani, imefungwa kwa waya kwenye mguu wa taa na kuinamishwa juu ya kompyuta. Asubuhi aliidhania kuwa sehemu ya mashine. Aliitoa ile feni ndogo kwenye ndoo ya taka, akampa.

"Hii ilikuwa ya kazi gani?"

"Ya kupulizia memori, barafu isishike." Shoti aliizungusha kwa kidole, nayo ikakataa. "Imekufa. Imemfia katikati ya kazi." Alitazama feni kubwa, akatazama tundu. "Akafungua yake, akampa Mdogo. Akaziba tundu ili unyevu usiingie. Mungu wangu. Alidhani ni kwa dakika chache tu."

Alikaa kwenye kile kiti kimoja. Bi Mkasi alimwacha kidogo, kisha akamwomba aiwashe mashine, kwa sababu kazi ilikuwa bado kazi, na mkuu wa kituo asingekubali maneno matupu. Shoti alifuta mazabodi, akakagua kila pembe kwa tochi, akarudisha kipoza cha kawaida, akaunganisha waya. Kioo kikawaka. Katikati yake, kwa herufi kubwa, lilitokea jina: MDOGO.

Faili la mwisho lilikuwa picha ya namba, imehifadhiwa Jumamosi jioni. Shoti aliisoma mara mbili.

"Amepita," alisema. "Hii namba hakuna mtu kwetu aliyewahi kuifikia. Alipita, na hakuna aliyemwona." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Hii kazi ni ya watu wawili, afande. Mmoja anamimina. Mwingine anakaa mlangoni. Hafanyi kitu kingine, anakaa tu na kumtazama mwenzake. Akimwona anasinzia, anafungua mlango, anamvuta nje. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa mlangoni."

Bi Mkasi aligeuza macho taratibu kwenye kigoda chenye nailoni. Alikuwa amefika mwisho wa kesi, na hakufurahi hata kidogo.

*

Dada mtu aliletwa kwa gari la kituo. Alisimama ukumbini, mkoba kifuani, hakutaka kuingia wala kuondoka. Bi Mkasi alimweleza yote kwa utaratibu: jina la mashine, maana ya maneno, umande, utepe, feni. Alipofika kwenye feni, yule dada alifumba macho.

"Kwa hiyo hakuniaga."

"Hakukuaga. Hakutaka kufa. Alikuwa anakuambia anashinda."

Mabega ya yule mwanamke yalishuka. Alishika ukuta, akapumua kwa nguvu mara kadhaa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Ijumaa alinipigia. Akasema, dada, kesho njoo unikalie mlangoni. Nikacheka. Nikamwambia, Jumamosi saluni imejaa, nifunge nije kukaa mlangoni kwako kama bawabu? Naye akacheka. Akasema haya, siku nyingine." Akamtazama Bi Mkasi. "Kukaa mlangoni ni nini?"

Shoti, aliyekuwa nyuma, alitikisa kichwa kwa siri. Usimwambie. Bi Mkasi alimwona. Alikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, kwamba kijana alitaka tu kampani, na uongo huo usingemdhuru mtu yeyote. Angeweza kuusema, akafunga faili, akaenda nyumbani kwenye chumba chake kisicho na sauti.

"Ni kazi ya mtu wa pili," alisema. "Anakaa pale, anamwangalia anayemimina. Hewa ikipungua, anamtoa nje."

Mahali fulani ndani ya nyumba, mama mwenye nyumba alifunga bomba la maji.

"Sikujua," dada mtu alisema.

"Hukujua. Hakukueleza. Labda aliona ukijua ni hatari utamkataza."

"Ningemkataza." Machozi yalianza kumtoka, nayo hayakusimama. "Angeniambia tu ni ya hatari, ningefunga saluni. Ningekuja na mikasi yangu mkononi."

Bi Mkasi alifungua kinywa, kisha akakifunga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwacha mtu aseme mpaka amalize.

"Siku zote hizi nilidhani alikuwa na huzuni na mimi sikuiona," yule dada alisema. "Kumbe alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha, akataka mtu wa kuiona, akanichagua mimi." Alijifuta kwa kiganja chenye rangi ya nywele. "Sijui ipi inauma zaidi. Lakini bora hii. Hii ni yangu. Watu wa ukoo wakinipigia, nitajua la kuwaambia."

Alitazama ndani. Kioo cha kompyuta kilikuwa bado kinawaka, jina la utotoni la mdogo wake katikati.

"Naweza kuingia?"

"Ingia."

Hakusogea. Macho yake yalikuwa kwenye madirisha yaliyozibwa, kwenye mtungi chini ya meza. "Naogopa," alisema.

Shoti alipiga hatua mbele. Bi Mkasi alimzuia kwa mkono. Akaweka mkoba wake chini, akakivuta kile kigoda mpaka katikati ya kizingiti, akauzuia mlango usijifunge kwa mgongo wake, akakaa. Nailoni ikalia chini yake.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Kaa naye kadiri utakavyo. Mimi nipo mlangoni."